Sakafu Sifuri

Fundi alirudi nyumbani saa nane mchana, siku ya Alhamisi, ndoo ya vifaa ikiwa begani. Mtu mwenye kazi harudi saa hizo, wala harudi na ndoo; ndoo hulala kazini pamoja na mifuko ya saruji. Mama yake, ambaye wajukuu na majirani wote walimwita Bibi, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage. Aliitazama ndoo kwanza, kisha akamtazama mwanawe, kisha akayarudia maharage yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi wanaumwa hao waliokurudisha."

Fundi aliigeuza ndoo kifudifudi, vifaa vikamwagika, akaketi juu yake. Bibi aliacha kuchambua. Mwanawe hakuwa mtu wa kumwaga vifaa chini.

Kazi yake ilikuwa kutandika vigae, na kwa miezi miwili alikuwa akitandika katika wodi mpya ya wazazi, iliyojengwa ubavuni mwa kituo cha afya cha zamani na kuunganishwa nacho kwa korido. Wenzake walimwita Timazi, jina la ule uzi wenye uzito wa kupimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu hakuwahi kuacha kigae kilichoinama hata kwa unene wa ukucha. Asubuhi hiyo Muuguzi Mkuu alikuja kuijaribu wodi kabla ya kukabidhiwa. Alisukuma kitanda cha magurudumu kutoka korido ya zamani, na kilipofika pale majengo mawili yanapokutana, magurudumu ya mbele yaligonga ukingo, kitanda kikakwama, naye Muuguzi Mkuu akajigonga tumbo kwenye chuma. Wodi mpya ilikuwa juu kuliko korido kwa sentimita saba.

Msimamizi wa ujenzi alikunjua ramani mbele ya watu wote.

"Soma hapa. Jengo la zamani: sakafu, sifuri. Soma na hapa. Wodi mpya: sakafu, sifuri. Sifuri na sifuri. Hizo saba umezitoa wapi, kwenu?"

"Nilikuambia siku ya kwanza, mkuu, kwamba zege limemwagwa juu mno."

"Uliniambia mbele ya nani?"

Alikuwa amemwambia mbele ya mashine ya kuchanganyia zege, nayo ilikuwa ikinguruma. Jibu alilopewa siku hiyo alilikumbuka neno kwa neno: wewe tandika vigae, hesabu waachie waliosoma. Sasa hakuwa na shahidi. Mbebaji mmoja wa mchanga alipaza sauti kutoka nyuma, "Jamani, timazi limepinda!" na watu wakacheka, hata wawili ambao Fundi mwenyewe aliwafundisha kushika mwiko.

"Wamenipa hadi Jumatatu," alimwambia mama yake. "Iwe nimeivunja sakafu ya wodi nzima. Kisha nichimbe zege, niyazamishe mabomba ya maji humo, nitandike upya. Saruji yangu, vigae vyangu. Nisipofanya hivyo, niende zangu, na mkandarasi atafuta jina langu."

Bibi alikuwa amefagia wodi za hospitali kwa miaka ishirini na mitano, na katika miaka hiyo aliona vitanda vingi vikisukumwa.

"Saba ni nyingi," alisema. "Mwanamke aliyetoka kushonwa tumbo, umrushe kwenye saba?"

"Mama, na wewe?"

"Sisemi ni zako. Nasema ni nyingi."

Mke wa Fundi alifika saa kumi na moja na nusu. Yeye alikuwa mchoraji katika ofisi ya usanifu wa majengo, ileile iliyochora wodi hiyo, na nyumba nzima ilikuwa imejivunia jambo hilo: mke anachora, mume anatandika. Aliyesimulia ni Bibi, kwa kuwa Fundi hakutaka kurudia. Mchoraji alisikiliza akiwa bado ameshika mkoba.

"Ngapi umesema, mama?"

"Saba."

"Si sita, wala nane?"

"Mwanangu, nimesema saba. Au kuna bei?"

Mchoraji aliuweka mkoba mezani, akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu kupita kiasi. Chakula chake alikiacha nusu.

*

Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye meza tatu na feni moja iliyoelekezwa kwenye kompyuta, si kwa watu. Ijumaa asubuhi Mchoraji aliwahi kufika kabla ya wenzake, akafungua mafaili mawili, moja kushoto, jingine kulia.

Katika programu waliyoitumia, jengo halikuchorwa kwa mistari tu. Lilijengwa ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, likiwa na urefu, upana na kimo. Wodi ile ilisanifiwa miaka sita iliyopita kwa ajili ya kituo kingine, ambacho hakikujengwa, nayo ikabaki katika faili lake. Mwezi wa kwanza wa kazi yake, Mchoraji aliagizwa ainakili nzima na kuibandika katika faili la kituo hiki, ubavuni mwa jengo la zamani. Alikusanya kuta, milango, madirisha, zege la chini na vigae vyake, akanakili, akabandika. Wodi ikatua mahali pake. Alihakiki: korido ilikutana na korido, ukuta ukakutana na ukuta. Akahakiki na kimo: upande huu SAKAFU 0.00, upande ule SAKAFU 0.00. Akaridhika, na Msanifu, mwenye ofisi, akatia saini.

Sasa alifanya jambo ambalo hakulifanya siku ile. Hakulitazama jengo kutoka juu. Alilipasua kwa wima, kama mtu apasuavyo papai ili azione mbegu, kisha akaukuza ule mpasuko hadi pale majengo mawili yalipokutana pakajaa kioo kizima.

Katika faili la jengo la zamani, sakafu ilikuwa uso wa kigae, pale mguu unapokanyaga. Katika faili la wodi, sakafu ilikuwa uso wa zege tupu, kabla ya saruji ya kusawazisha na kabla ya kigae. Kila faili lilipokuwa peke yake lilisema kweli. Yeye ndiye aliyeyakutanisha, akaona neno moja na tarakimu moja pande zote mbili, wala hakuuliza kama neno lina maana moja. Zege la wodi lilikuwa limemwagwa sawasawa na vigae vya korido. Juu yake, mtu yeyote mwenye kuijua kazi yake angeweka sentimita tano za saruji kufunika mabomba, na mbili za gundi na kigae. Saba. Mumewe alikuwa ametandika bila kupunguza wala kuzidisha.

Akaichagua wodi nzima, ikageuka rangi ya buluu. Katika kisanduku cha kimo akaandika namba saba, yenye alama ya kutoa mbele yake. Wodi ikashuka bila sauti. Vigae vikalingana na vigae.

Ilikuwa rahisi hivyo. Zilibaki hatua mbili tu: kuhifadhi, na kuchapa ramani upya. Faili lingekuwa safi, na yeyote atakayelifungua baadaye angeona wodi iliyochorwa sawasawa na fundi aliyeipandisha kwa ukaidi wake. Wiki moja ilibaki amalize miezi sita ya majaribio apewe barua ya ajira, baada ya miaka miwili ya kukaa nyumbani akipeleka vyeti huku na huku. Aliyekalia kiti hicho kabla yake alifukuzwa kwa sababu ya mlango mmoja uliofungukia upande usio wake. Na mlango huo ulikuwa wa stoo.

Aliitazama wodi ya buluu mpaka macho yakamwuma. Kisha akakitengua kitendo hicho, wodi ikapanda tena ilikokuwa, akafunga mafaili yote mawili bila kuhifadhi lolote. Mwenzake wa meza ya pili aliingia akipiga miayo.

"Leo umewahi. Umeota umepandishwa cheo?"

"Nimeota nimeshushwa," alijibu, na mwenzake akacheka, akidhani ni mzaha.

*

Jioni hiyo alimkuta Fundi uani akiifuta nyundo ya umeme ya kuvunjia sakafu, aliyoiazima kwa rafiki.

"Mume wangu, iache hiyo nyundo. Twende ndani."

"Nataka kujaribu kama inawaka."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Hizo saba ni zangu."

Waliingia chumbani, akamweleza yote, akachora kwa kalamu nyuma ya daftari la mtoto: zege, saruji, kigae, na kando yake, zege, saruji, kigae, vimepanda. Fundi aliutazama mchoro kwa muda.

"Ngoja. Ninyi huko, sakafu ni zege?"

"Katika faili lile, ndiyo."

"Zege si sakafu. Mtu akikuambia fagia sakafu, utafagia zege?"

"Aliyechora alihesabu kuanzia—"

"Mtoto akianguka sakafuni, ameanguka kwenye zege? Nani anakaa kwenye zege?"

"Nisamehe."

Fundi alisimama, akaketi, akasimama tena. Chumba kilikuwa kidogo; hakuwa na pa kwenda.

"Nimeitwa mpindaji mbele ya watu ishirini."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikuwa kwenye feni."

Hata feni yenyewe haikuwa yake, ilikuwa ya kompyuta. Fundi aliliokota daftari, akakitazama tena kile kichoro, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Usimwambie mtu."

"Unasemaje?"

"Barua yako ni wiki ijayo. Ukisema, unarudi nyumbani. Mimi nitavunja. Mikono yangu imezoea. Na mkandarasi akinifuta, nitaanza mtaa mwingine kwa jina jingine. Wewe ukifukuzwa, tutarudi pale pale tulipokuwa mwaka juzi."

"Sakafu uliyoitandika sawa, uivunje?"

"Nitaivunja sawa vilevile."

Pazia la mlangoni lilitikisika.

"Niingie," aliuliza Bibi, "au niendelee kujifanya nasinzia?"

"Mama, haya ni mazungumzo ya watu wawili."

"Wawili wenye sauti za watu kumi." Aliingia, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akiyasugua magoti yake yenye maumivu. "Mwanangu, nyundo ni yako na mgongo ni wako. Lakini ukivunja, umekiri. Leo umekiri sakafu, kesho bati likivuja utaitwa ukiri na bati." Kisha akamgeukia Mchoraji. "Nawe, mimi kompyuta siijui. Najua ndoo na tambara. Siku moja nilimwaga maji koridoni, muda wa madaktari kupita. Nikasimama pale pale nikapiga kelele: nimemwaga, ni mimi, piteni pembeni! Msimamizi wangu alinikaripia hadi nikatamani ukuta unimeze. Lakini hakuna aliyeteleza."

"Hawakukufukuza, mama?"

"Walinikata mshahara wa siku tatu. Iliniuma." Bibi hakuwa na tabia ya kupamba. "Sisemi hawatakufukuza. Nasema maji yako bado yako chini, na mumeo ndiye anayepita."

Mchoraji alilichukua daftari, akalifunga. Kisha akamwuliza mumewe ataanza kuvunja saa ngapi kesho.

"Saa mbili."

"Subiri hadi saa nne."

"Na ikifika saa nne?"

"Ikifika saa nne hujaniona, vunja."

*

Msanifu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, ambaye alifanya kazi Jumamosi kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, siku hiyo hakukuwa na watu wa kumkosesha utulivu. Alipomwona Mchoraji mlangoni saa mbili na robo, hakufurahi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Sikusahau. Nimekuja kukuonyesha kosa langu."

"Kosa haliwezi kungoja Jumatatu?"

"Jumatatu sakafu itakuwa imevunjwa."

Msanifu alivaa miwani. Mchoraji alifungua mafaili, akalipasua jengo, akaukuza mpasuko. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, lakini alipoanza hayakutoka kwa utaratibu aliouandaa. Alisema saba kabla ya kusema zege, akataja mabomba kabla ya wodi. Msanifu hakumkatiza.

"Sogeza huku," alisema Msanifu. "Kuza. Kuza tena." Aliinama hadi pua yake ikakaribia kioo. "Faili hili la wodi liliandaliwa na nani?"

Mchoraji alisita.

"Nimekuuliza."

"Na wewe, bosi. Miaka sita iliyopita."

"Na ramani iliyokwenda kwa mkandarasi ilitiwa saini na nani?"

"Na wewe, bosi."

Msanifu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, ingawa haikuwa chafu. "Zamani nilihesabu kuanzia kwenye zege," alisema, kana kwamba anaongea na miwani. "Ndivyo nilivyofundishwa. Baadaye nikaacha. Sikumwambia mtu kwamba nimeacha." Kisha akamtazama Mchoraji usoni. "Lakini wewe ulinakili bila kupasua."

"Ndiyo."

"Mtu anayetoa jengo faili moja na kulitia faili jingine, kisha halipasui, ni sawa na daktari anayehamisha damu bila kuuliza ni ya kundi gani."

"Ndiyo, bosi."

"Huyo fundi ni nani wako?"

Hakulitarajia swali hilo. "Ni mume wangu."

"Kumbe umekuja kumtetea mumeo."

"Nimekuja kusema nilichokosea. Hata angekuwa fundi mwingine..." Mchoraji alimalizia kwa sauti ndogo. "Angekuwa fundi mwingine, huenda ningengoja Jumatatu."

"Jibu hilo ni la kweli," alisema Msanifu, "na si zuri." Akachukua funguo za gari.

*

Saa nne kamili Fundi aliitazama saa ya ukutani ya korido, akalitazama lango, akaiwasha nyundo. Kigae cha kwanza hakikupasuka. Kilitetemeka tu, kwa kuwa kilitandikwa vizuri. Alilazimika kukirudia mara tatu. Kilipovunjika, alizima nyundo, akaviokota vipande kwa mkono na kuvipanga pembeni kimoja kimoja, jambo lisilo na faida yoyote ila kupoteza dakika.

"Unavizika?" aliuliza Msimamizi, aliyekuwa ameketi juu ya mifuko ya saruji na kikombe cha chai. "Endelea, bwana. Vigae elfu mbili vinakungoja."

Alikuwa ameiinua tena nyundo aliposikia mlango wa gari. Msanifu aliingia mbele akiwa na ramani iliyoviringwa. Mchoraji alimfuata akiwa na vumbi hadi magotini, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vya ofisini na uwanja ulikuwa wa kifusi. Mafundi waliacha kazi. Muuguzi Mkuu, aliyesikia nyundo ikinguruma karibu na wagonjwa wake, alikuwa tayari amefika mlangoni na mikono kiunoni.

"Nani ameamuru sakafu hii ivunjwe?" aliuliza Msanifu.

"Mimi, mama," alisema Msimamizi, akisimama. "Fundi alizidisha. Ramani inasema sifuri kwa sifuri."

"Ramani imesema vibaya." Hakupaza sauti, lakini alihakikisha hata wabeba mchanga wamesikia. "Sakafu ya huku ilihesabiwa kwenye kigae, ya kule kwenye zege. Kosa limetoka ofisini kwangu. Mchoraji wangu hakuliona wakati wa kulihamisha, nami sikuliona wakati wa kutia saini. Fundi ametandika inavyotakiwa."

Mtu mmoja aliguna. Fundi hakumtazama yeyote. Alikuwa akimtazama mkewe, naye mkewe alikuwa akiyatazama magoti yake yenye vumbi.

"Mimi nafuata karatasi, mama," alisema Msimamizi.

"Karatasi haina macho. Hakuna aliyekuambia kwamba zege liko juu?"

Msimamizi alikizungusha kikombe mkononi. "Kazini kuna kelele nyingi," alisema hatimaye.

"Hilo nalo ni jibu." Msanifu alimgeukia Fundi. "Wewe ungelifanyaje?"

Tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyemwuliza Fundi swali la namna hiyo, na kwa sababu hiyo alianza kwa kulikwepa. "Mimi ni mtandikaji tu, mama."

"Ndiyo maana nakuuliza."

Alipiga hatua hadi kwenye ukingo, akachutama, akalaza pimamaji juu ya korido ya zamani. "Wodi nisingeigusa. Ningeondoa vigae vya korido hii, kutoka hapa hadi hapa, mita moja na nusu tu. Kisha ningeipandisha polepole ikutane na wodi. Mtu hatajua kama anapanda. Na vigae niviweke vile vya kukwaruza kidogo, gurudumu lisiteleze."

Msanifu alihesabu kwa midomo. "Saba kwa mia moja na hamsini. Kitanda kitapanda?"

"Kitanda?" alisema Muuguzi Mkuu. "Hata mimi na magoti yangu nitapanda. Lakini mfanye upesi, nina wanne wa kujifungua wiki ijayo na mmoja ana mapacha."

Watu walicheka, safari hii bila kumcheka mtu. Msanifu alisema saruji na vigae vitatoka ofisini kwake, akaandika kimo kwa kalamu nyekundu juu ya ramani yenyewe, akatia saini na tarehe. Msimamizi aliipokea. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Timazi," alisema, akiangalia pembeni, "kesho ni Jumapili. Jumatatu saa moja."

"Jumatatu saa moja," alisema Fundi. "Na kigae kimoja nilichokivunja leo nitakirudishia kwa saa zako, siyo zangu."

Msimamizi alifungua kinywa, akamwona Msanifu bado amesimama, akakifunga.

*

Barua ya ajira haikuja. Ilikuja nyingine, iliyosema kwamba muda wa majaribio umeongezwa kwa miezi mitatu na kwamba kosa hilo likirudiwa hakutakuwa na barua ya tatu. Mchoraji aliisoma mezani kwa sauti, hadi mwisho, pamoja na saini. Fundi alimwomba radhi Bibi kwa niaba ya barua.

"Radhi ya nini?" alisema Bibi. "Anayefukuzwa haandikiwi kurasa mbili. Leteni chakula."

Mteremko wa korido ulikamilika siku ya Alhamisi, na yule mwenye mapacha alipitishwa hapo Ijumaa bila kujua kwamba amepita mahali penye habari. Mwezi uliofuata ikaagizwa kazi nyingine: chumba cha dawa, kilichokuwa katika faili la mradi mwingine wa zamani, kihamishiwe kwenye faili la kituo kilekile. Msanifu alitoa sharti moja. Hakuna atakayebandika chochote kabla fundi wa eneo la ujenzi hajaja kukaa naye na kuutazama mpasuko.

Ndipo Fundi alipoingia ofisini kwa mara ya kwanza, akiwa amevaa shati la kutokea na viatu vyenye saruji, kwa kuwa hakuwa na vingine vya kufunga. Alikataa kiti mara mbili, akakikubali mara ya tatu, akaketi ukingoni. Mchoraji alikipasua chumba cha dawa mbele yake.

"Hili la kijivu ni zege?"

"Zege."

"Na huu mstari?"

"Hapo ndipo faili linaposema sakafu."

"Linasema uongo," alisema Fundi, akasogea. Alianza kusahau shati lake. "Shusha."

"Nimeshusha. Sita."

"Kwa nini sita?"

"Saruji tano, kigae kimoja."

"Na gundi?"

"Kwa vigae hivi vidogo gundi ni nyembamba, haihesabiki."

"Haihesabiki? Mama watoto, mimi gundi naipaka kwa mwiko wa meno; meno yakiwa marefu, nayo inapanda, ina kimo chake. Unafikiri kigae kinashikiliwa na maombi?"

"Kwenye kitabu imeandikwa—"

"Kitabu kimewahi kupaka gundi?"

Wenzake wa meza nyingine walikuwa wameacha kazi, mmoja akijifunika kinywa. Mlango wa ndani ulifunguliwa, na Msanifu akasimama pale, miwani ikining'inia kifuani. Fundi aliinuka haraka, kiti kikaburuza sakafuni kwa mlio mkali.

"Mnagombania nini?"

"Sentimita moja, bosi," alisema Mchoraji.

"Ya nani?"

"Ya gundi," walijibu wote wawili kwa pamoja.

Msanifu aliwatazama kwa zamu. Kisha akavuta kiti cha meza ya pili, akakileta katikati yao, akaketi na kuvaa miwani.

"Kaa, fundi," alisema. "Anza na mwiko. Meno yake yana kina gani?"